Kati ya Ua na Kichupa: Kemia ya Indoli na Deni la Kiswahili Ufuoni mwa Ziwa

Usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii, ambayo pengine kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kuitungia insha, hupata uzito wa pekee katika mji wa Usenge, kaunti ya Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Mwaloni hapo, ambako omena huanikwa na mashua huondoka kuelekea kisiwa cha Mageta, watu huishi kwa ujuzi. Wanajua upepo, wanajua nyavu, wanajua bei. Hata hivyo, kuna ujuzi mmoja unaowahusu sana ambao haujawafikia kwa lugha wanayoweza kuitumia. Huo ni ujuzi wa dawa iitwayo vinkristini, wanayotiwa watoto wa ukanda wa ziwa wanaougua saratani ya limfoma ya Burkitt, na ambayo asili yake ni ua dogo linalopandwa kupamba nyua.

Makala haya yanadai kwamba kati ya ua hilo na kichupa cha dawa kuna njia ndefu ya kemia, na kwamba njia hiyo isipoelezwa kwa lugha ya watu, mahali pake huchukuliwa na makosa mawili: kudharau mimea kana kwamba haina lolote, au kuiamini kana kwamba haina madhara. Makosa yote mawili yanaweza kugharimu maisha ya mtoto. Ni deni la wataalamu wa Kiswahili, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, kuijaza nafasi hiyo.

Ugonjwa na ramani yake

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe tayani. Mwaka uliofuata alichapisha makala yaliyoueleza uvimbe huo wa watoto wa Kiafrika kama ugonjwa mmoja wenye sura yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama ugonjwa huo ulionekana hapo. Ramani iliyotokana na safari hiyo na uchunguzi mwingine ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua jijini London virusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda, virusi ambavyo leo vinabeba majina ya Epstein na Barr.

Virusi hivyo vimeenea duniani kote na watu wengi huishi navyo bila kujua. Lakini mtoto anayeambukizwa mapema, kisha akashambuliwa na malaria mara kwa mara, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kenya. Kwa hiyo Usenge, Bondo, Siaya na Kisumu zimo ndani ya ramani ya Burkitt. Dalili huweza kuanza na meno kulegea na shavu kuvimba, au tumbo kuvimba. Watoto wa eneo hili hutibiwa, miongoni mwa mahali pengine, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu.

Saratani hii inatibika. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 8 kwa kila 10 hupona. Barani Afrika idadi ya wanaopona iko chini sana. Dawa zenyewe zinajulikana tangu miaka ya 1960: Burkitt mwenyewe alichapisha mwaka 1966 aliyoyaona alipowatibu wagonjwa wake kwa vinkristini. Swali la kujiuliza ni kwa nini dawa inayojulikana kwa miaka mingi hivyo haiokoi watoto wa ufuoni kama inavyookoa wa kwingineko. Majibu ni mengi: umaskini, umbali, uchache wa vituo, kuchelewa kufika. Jibu mojawapo, ambalo halizungumzwi sana, ni la lugha.

Indoli ni nini?

Mmea unaozungumziwa ni vinka ya Madagaska, ambayo wanasayansi huiita Catharanthus roseus. Ni kichaka kifupi chenye maua ya petali 5, ya rangi ya waridi au nyeupe. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, lakini sasa huota katika nchi nyingi za joto. Mwaka 1952, majani yake yalitumwa Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai dhidi ya kisukari. Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario waliyachunguza. Sukari katika damu ya panya wa maabara haikushuka, ila chembechembe nyeupe za damu zilipungua. Kutokana na jambo hilo ambalo hawakulitarajia, mwaka 1958 walitangaza dawa iitwayo vinblastini. Wakati huohuo, Gordon Svoboda na wenzake wa kampuni ya Eli Lilly nchini Marekani walikuwa wakiuchunguza mmea uleule. Kazi yao ndiyo iliyozaa vinkristini, iliyoidhinishwa kutumika nchini humo mwaka 1963.

Dawa zote mbili ni alkaloidi za indoli. Alkaloidi ni kemikali zenye nitrojeni ambazo mimea mingi huzitengeneza, mara nyingi kama kinga dhidi ya wadudu na wanyama. Nyingi ni chungu na nyingine ni sumu. Indoli ni kiini cha alkaloidi za kundi hili. Kiini hicho kina umbo la pete mbili zilizoshikana ubavu: pete moja ina atomi 6 za kaboni, nyingine ina pembe 5, na katika pembe mojawapo imekaa atomi ya nitrojeni. Fomula yake ni C8H7N.

Mmea haukiumbi kiini hicho kwa muujiza. Huanza na triptofani, asidi amino ileile ambayo binadamu huipata katika samaki, mayai na maharagwe. Triptofani hupunguzwa ikawa triptamini. Triptamini huunganishwa na kemikali nyingine iitwayo sekologanini, na matokeo yake ni striktosidini. Hiyo striktosidini ndiyo mzizi wa ukoo mkubwa wa alkaloidi zaidi ya 2,000. Ndani ya ukoo huo mna reserpini, ambayo ilianza kutumika kushusha shinikizo la damu katika miaka ya 1950. Mna striknini, sumu ya kutisha. Na mna kwinini, ambayo pete zake hupangwa upya mwishoni zikaacha kuwa indoli, lakini safari yake huanzia katika striktosidini hiyohiyo. Magome ya msesewe, ambayo Wachaga wa Kilimanjaro hutumia kuipa pombe ya mbege uchungu wake, nayo yana alkaloidi za ukoo huu. Mzizi ni mmoja, ilhali matawi yake ni dawa, sumu na kinywaji.

Katika vinka, matawi mawili ya ukoo huo, vindolini na katharantini, huunganishwa kuwa molekuli moja kubwa. Vinblastini ina atomi 117, vinkristini ina atomi 116. Tofauti yao iko mahali pamoja tu, kwenye nitrojeni ya upande wa vindolini. Hapo, vinblastini imebeba kaboni 1 yenye haidrojeni 3, na vinkristini imebeba kaboni 1 yenye haidrojeni 1 na oksijeni 1. Mwanafunzi wa fonolojia atalielewa jambo hili upesi, kwani ni mfano wa jozi mlinganuo finyu: pata na bata hutofautiana kwa sauti moja, lakini maana hazikutani. Kadhalika, badiliko hilo dogo hufanya vinblastini idhuru zaidi uboho wa mifupa, na vinkristini idhuru zaidi neva. Daktari hawezi kuitumia moja badala ya nyingine kwa sababu tu majina yanafanana.

Kwa nini chai ya majani haitoshi

Kutokana na maelezo hayo, kosa la kwanza linaweza kujibiwa. Anayesema kwamba dawa za hospitalini hazina uhusiano wowote na mimea amekosea, kwa sababu kichupa cha Kisumu kina asili ya ua. Lakini kosa la pili ni la hatari zaidi. Mtu akisikia kwamba ua la uani lina dawa ya saratani, huenda akayachemsha majani na kumnywesha mtoto. Majani ya vinka yana alkaloidi zaidi ya 100 zilizochanganyika, na vinkristini ndani yake ni chache mno. Inakadiriwa kwamba zahitajika takriban kilo 500 za majani makavu ili kupata gramu 1 ya vinblastini, na vinkristini ni adimu kuliko hiyo. Kwa upande mwingine, kipimo cha vinkristini anachotiwa mgonjwa kwa kawaida hakizidi miligramu 2, hata akiwa mtu mzima. Kikipungua hakitibu, kikizidi huua. Hakuna kikombe wala sufuria inayoweza kupima hivyo. Chai hiyo haitamponya mtoto. Itampa sumu ya kemikali nyingine na kumpotezea siku ambazo hana, kwa kuwa seli za limfoma ya Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwa nini mtoto arudi

Jambo muhimu kuliko yote ni namna dawa inavyofanya kazi. Seli inapojiandaa kugawanyika, hujenga nyuzi nyembamba ziitwazo mikrotubuli, na matofali yake ni protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo huvuta kromosomu pande mbili ili kila seli mpya ipate fungu lake. Vinkristini hujibandika kwenye tubulini na kuzuia nyuzi zisijengeke. Seli hukwama katikati ya kugawanyika na hatimaye hufa.

Mambo mawili yanayomhusu mzazi hutokana na maelezo hayo. La kwanza, kwa kuwa seli za saratani hii hugawanyika kwa kasi kubwa, nyingi hunaswa mapema, na uvimbe huweza kunywea katika siku chache. Mzazi aliyekuja na mtoto asiyeweza kutafuna humwona akila. Ni rahisi aamini kwamba mtoto amepona, hasa ikiwa amewaacha wengine nyumbani na nauli ya kurudi inamsubiri. Lakini dawa huinasa seli inayogawanyika. Ile iliyotulia saa hiyo hupona na kuanza upya. Ndiyo maana vinkristini hurudiwa, tena pamoja na dawa nyingine kama siklofosfamidi na methotreksati zinazoishambulia saratani kwa njia tofauti. Kuacha matibabu baada ya uvimbe kunywea ni kuziachia nafasi seli zilizobaki. Mzazi anayeambiwa tu "mrudi tarehe fulani" amepewa amri. Anayeelezwa kwamba kuna seli zilizolala ambazo dawa haikuzikuta macho amepewa sababu, na mwenye sababu huwa na nguvu ya kutafuta nauli kuliko mwenye amri.

La pili, neva nazo hutumia mikrotubuli kusafirisha vitu ndani yake. Ndiyo sababu mtoto anayetiwa vinkristini huweza kufunga choo, kusikia maumivu tayani, kufa ganzi vidoleni au kushindwa kuinua nyayo anapotembea. Mzazi asiyejua hudhani ugonjwa umehamia miguuni, au kwamba mtoto amerogwa, au kwamba hospitali inamwua. Mzazi anayejua humwarifu daktari mapema ili kipimo kirekebishwe.

Mshipa, dawa na yath

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapojikwaa. Neno mshipa hubeba maana nyingi: njia ya damu, neva, na hata ngiri. Vinkristini hutiwa katika njia ya damu na huweza kudhuru neva. Sentensi "dawa hii hutiwa mshipani na huweza kudhuru mishipa" haina kosa la sarufi, lakini haimfafanulii mzazi lolote. Isitoshe, vinkristini ikitiwa kwa bahati mbaya katika uti wa mgongo huua, ilhali methotreksati ya matibabu hayohayo huweza kutiwa hapo makusudi. Katika jambo la namna hii, utata wa neno si suala la semantiki tu. Kiswahili kina maneno vena, ateri na neva, lakini mengi ya maneno hayo yamelala kamusini. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Upungufu mkubwa basi si wa istilahi. Ni upungufu wa sentensi, aya na makala ambamo istilahi hizo zinafanya kazi na kuzoeleka masikioni.

Neno dawa nalo ni pana mno. Dawa ni ya homa, ya meno, ya viatu, ya mende na ya mapenzi. Katika Kijaluo, lugha ya kwanza ya Usenge, neno yath humaanisha mti na humaanisha dawa. Hilo si upungufu wa Kijaluo. Ni kumbukumbu ya ukweli kwamba dawa nyingi zilitoka mtini, na Profesa John Kokwaro aliheshimu ujuzi huo alipoandika kamusi ya mimea ya Kijaluo mwaka 1972, kisha kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976. Lakini palipo na neno moja kwa mti na dawa, mwelezaji anapaswa kuongeza kile kilicho katikati: kutenga, kusafisha, kupima. Bila hayo, msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba ua na kichupa ni kitu kimoja.

Pingamizi na majibu yake

Huenda msomaji akasema kwamba watu wa Usenge huzungumza Kijaluo, hivyo Kiswahili hakiwahusu. Ni kweli kwamba maelezo ya mwisho kwa bibi wa kijijini yafaa yawe ya Kijaluo. Lakini Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Ni lugha ya wodi ambamo muuguzi na mzazi huenda wasitoke jamii moja. Na ni lugha inayovuka ziwa hadi Mwanza na Musoma, ambako watoto huugua ugonjwa uleule. Maelezo mazuri ya Kiswahili yanaweza kutafsiriwa kwa Kijaluo, Kisukuma au Kiluhya kwa urahisi kuliko yale ya Kiingereza cha kitabibu.

Wengine watasema kwamba vinkristini na striktosidini si Kiswahili. Hata kwinini haikuwa Kiswahili, lakini leo hakuna anayehitaji mkalimani kuielewa. Neno hugeuka kuwa la wenyewe kwa kutumiwa na watu wenye haja nalo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzazi huacha matibabu kwa kukosa pesa, wala si kwa kukosa maneno. Ni kweli kwamba sentensi hailipi nauli. Hata hivyo, mwenye fedha kidogo ndiye anayelazimika kuchagua, na hawezi kuchagua vyema bila kujua anachopoteza. Tena jamii inayoelewa kwa nini mtoto lazima arudi mara kadhaa ndiyo inayoweza kuchanga mwaloni na kudai kwa viongozi kituo kilicho karibu.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kenya hujifunza mgawanyiko wa seli kwa Kiingereza, kisha akaingia darasa la Kiswahili kuchambua riwaya. Pande hizo mbili za akili yake hazikutanishwi. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina nafasi ya kuzikutanisha. Vinaweza kushirikiana na wanakemia na wauguzi wanafunzi, iwe ni Maseno au katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, mwendo mfupi kutoka Usenge, waandike maelezo ya kurasa mbili kuhusu dawa moja, kisha wayasome mbele ya wazazi na kuyasahihisha pale wasikilizaji wanapokunja nyuso. Wahadhiri nao wanaweza kuyahesabu maelezo hayo kuwa kazi za kozi za tafsiri na istilahi, zenye alama sawa na uchambuzi wa diwani.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala tamko la serikali. Inahitaji mtu anayejua pete mbili za indoli zimeshikanaje, na mwingine anayejua kwamba mshipa si neno moja. Wakikaa pamoja, mzazi wa Usenge atapanda gari la Kisumu kwa mara ya tatu, mtoto akiwa tayari anacheka na kula, na akiulizwa njiani kwa nini anasumbuka na mtoto aliyepona, atakuwa na jibu.